Anayebaki kwenye Duara

Lori lilipowashusha Wegesa na mama yake, Mokami, kwenye kijiji kipya upande wa Ringwani, jambo la kwanza Wegesa alilofanya lilikuwa kuhesabu. Alihesabu marundo ya vyombo, moshi wa mafiga, na miti iliyokwisha kusimamishwa kwa ajili ya nyumba. Akapata kaya ishirini na nane. Wao walikuwa wa ishirini na tisa.

"Unahesabu nini?" Mokami aliuliza. Alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, ameshikilia nyonga yake ya kushoto.

"Watu, mama."

"Watakuja wengine. Hebu kaa."

Hakukaa. Tangu asubuhi, mgambo walipopanda juu ya nyumba yao na kulivua paa ili pasiwe na mtu wa kuirudia, miguu yake ilikuwa inawaka. Ilikuwa Oktoba, mwaka 1974, na Operesheni Vijiji ilikuwa imefika kwao. Watu walikuwa wakishushwa kutoka kila kilima, na kabla ya mvua za vuli kila kaya ilitakiwa iwe na paa lake kijijini.

Wegesa alikuwa na miaka ishirini na miwili. Baba yake alikwishafariki, na hakuwa na kaka. Alikuwa amemaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea, akabaki nyumbani akiwafundisha watu wazima kusoma na kuandika jioni. Kazi yake nyingine ilikuwa maji. Miaka miwili iliyopita Mokami aliteleza mtoni akiwa na mtungi kichwani, akavunjika nyonga, na tangu hapo hakuweza kushuka mtoni tena. Alichoweza ni kutembea hatua mia moja, mia na hamsini, kwa fimbo.

Bwana shamba alikuwa amepima viwanja kwa kamba na kupigilia vigingi vyenye namba. Kila kaya ilipewa kiwanja kwa kufuata orodha ya kuandikishwa, na cha akina Wegesa kilikuwa juu kabisa, kwenye mawe. Kutoka pale hadi mtoni ilikuwa saa nzima, kwenda na kurudi. Lakini kiwanja namba moja, kule chini, kilikuwa na chemchemi. Ilikuwa ndogo, upana wa nyungo mbili, ila maji yake yalikuwa safi, na wenyeji wa pale walisema haikuwahi kukauka. Bwana shamba alipopitisha kamba yake hakuiangalia. Chemchemi ikaangukia ndani ya vigingi.

Kila mtu alikitaka kiwanja hicho. Siku ya Alhamisi mwenyekiti wa kijiji, Joram, aliwaita watu. Alikuwa mtu mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kusuluhisha magomvi ya mipaka.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi niliandikishwa wa kwanza. Kwa orodha, kiwanja namba moja ni changu. Sikitaki. Nikikichukua mtasema nimejipendelea, na maneno hayo nitayasikia mpaka nife. Kwa hiyo tutafanya kama tulivyokuwa tukifanya malishoni. Jumamosi asubuhi, kila kaya itoe mtu mmoja, mkae kwenye duara. Nitasimika mti mmoja. Anayekaa karibu na huo mti mkono wa kulia ndiye wa kwanza. Wa kwanza anabaki, wa pili anatoka, wa tatu anabaki, wa nne anatoka. Tunazunguka hivyo hivyo bila kusimama mpaka abaki mmoja. Huyo ndiye mwenye kiwanja."

Watu waliafiki. Kila aliyewahi kuchunga aliijua hesabu hiyo. Malishoni yule anayebaki ndiye aliyekuwa anatumwa kufuata ng'ombe waliopotea. Hapa angepata maji mlangoni.

Wegesa aliinua kichwa. Aliijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote pale.

Baba yake, kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume, alimpa ng'ombe achunge. Kwenye duara la wachungaji Wegesa alikuwa mdogo, na mara nyingi ndiye aliyebaki, akatumwa vichakani peke yake. Akaanza kuweka kumbukumbu kwa vijiwe. Wakikaa wawili, anabaki wa kwanza. Watatu, anabaki wa tatu. Wanne, wa kwanza tena. Watano, wa tatu. Sita, wa tano. Saba, wa saba. Wanane, wa kwanza. Namba zilipanda kwa mbili mbili, kisha zikaanguka ghafla kwenye moja, zikaanza kupanda tena, safari hii mbali zaidi.

Alipokuwa darasa la saba, Mwalimu Hezekia alirudi kutoka semina na hisabati za kisasa. Akawafundisha kuandika namba kwa tarakimu mbili tu, moja na sifuri. Nafasi ya mwisho ni ya moja, inayoitangulia ni ya mbili, halafu nne, halafu nane, kila moja mara mbili ya mwenzake. Tano ikaandikwa 101, maana ina nne moja, haina mbili, ina moja moja. Wenzake walicheka na kusahau. Wegesa aliziandika namba za vijiwe vyake kwa mtindo huo, za watu upande mmoja na za mahali pa kukaa upande mwingine, na alipoziangalia mwili ulimsisimka. Watu watano, 101. Chukua ile moja ya mbele, iondoe, iweke nyuma. Inakuwa 011, yaani tatu. Na kweli, kati ya watano anabaki wa tatu. Watu sita, 110. Ya mbele iende nyuma, inakuwa 101, yaani tano. Alijaribu mpaka hamsini kwa punje za mtama. Haikukosea hata mara moja.

Alipomwonyesha Mwalimu Hezekia, mwalimu alitazama daftari kwa muda mfupi akasema, "Hilo halimo kwenye mtihani, Wegesa. Kakae." Tangu siku hiyo hakumwonyesha mtu mwingine.

Sasa, Alhamisi ile, aliondoka mkutanoni akipanda kule kwenye mawe karibu kwa kukimbia. Kaya zilikuwa ishirini na tisa. Aliandika udongoni kwa kidole: 11101. Akahamisha moja ya mbele. Ishirini na saba. Angekaa mahali pa ishirini na saba, na mama yake angeamka kila siku asikie maji.

Lakini alasiri lori lilikuja na kaya mbili. Thelathini na moja, na mahali pakawa pa thelathini na moja, mwisho kabisa wa duara. Kabla jua halijashuka ikaja familia nyingine kwa miguu na mbuzi wao. Thelathini na mbili. Hapo namba ilianguka, kama ilivyokuwa ikianguka siku zote, na mahali pakawa pa kwanza, ubavuni mwa mti wa Joram. Ijumaa asubuhi zikaja tatu. Pa saba. Mchana mbili. Pa kumi na moja. Usiku moja. Pa kumi na tatu.

Hakuweza kufanya kazi yoyote. Akishika panga kukata fito, anasikia mngurumo, au anadhani amesikia, analitupa panga anasimama juu ya jiwe kutazama barabara. Ugali ulimshinda kumeza. Alitembea kutoka mwanzo wa kijiji hadi mwisho akihesabu kaya upya, akiogopa kwamba labda mtu mmoja alikuwa amelala ndani, au ndugu wawili waliokuwa wanapika pamoja walikuwa wameandikwa mbalimbali.

Nyamhanga alimwona akipita mara ya nne. Huyu alikuwa jirani yao wa zamani, mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwenye nguvu, ambaye nyumba yake ilikuwa imekwisha kuezekwa wakati wengine bado wanachimba mashimo. Mke wake, Nyangi, alikuwa anakanda udongo.

"Binti Mokami," Nyamhanga alisema, "umepotelewa na kuku?"

"Hapana, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona unazunguka kama aliyepotelewa?"

Wegesa alicheka kidogo, akapita.

Mama yake pia alimwona. "Toka tumefika hujakaa," Mokami alisema. "Una nini?"

Wegesa alitaka kumwambia. Lakini mama yake alikuwa mtu wa kanisani, na swali lake la kwanza lingekuwa kama wengine nao wanajua. "Sina kitu," alijibu.

Jumamosi asubuhi watu walikaa kwenye uwanja wa wazi. Joram alisimika mti, akahesabu vichwa kwa fimbo yake, akapata thelathini na nane. Wegesa alikuwa amekwisha kukaa mahali pa kumi na tatu.

Ndipo mzee Waisiko alipoinua mkono. Alikuwa mzee wa miaka sabini, mwenye wake wawili. "Mwenyekiti, wake zangu wana mafiga mbalimbali na viwanja mbalimbali. Mbona tunahesabiwa mtu mmoja?"

Walibishana kidogo, ikaonekana mzee ana haki. Mke mdogo akaja akakaa mwisho wa duara. Thelathini na tisa. Mahali pakawa pa kumi na tano.

Wegesa aliinuka. "Dada," alimwambia mwanamke aliyekaa pale, "tubadilishane, jua linanipiga machoni." Mwanamke aliinuka wakabadilishana. Joram aligeuka akamtazama, akageuka tena.

"Basi," Joram alisema, "tunaanza."

Mngurumo wa lori ukasikika barabarani.

Wegesa alifumba macho. Lori lilisimama, likashusha mume, mke na watoto wanne, magodoro ya nyasi, na mbwa mmoja. Joram aliwauliza majina, akaandika, akamwonyesha yule mume mahali pa kukaa, mwishoni. Arobaini. Mahali sasa palikuwa pa kumi na saba, na palikuwa na mtu. Alikuwa Nyamhanga, amenyoosha miguu.

Wegesa alijizuia. Alihesabu pumzi tatu, nne. Kisha akajikuta amesimama mbele yake.

"Baba, samahani. Naomba nikae hapa, wewe ukae pale."

"Kwa nini?"

"Pale kuna siafu."

Nyamhanga alitazama pale. Hapakuwa na siafu. Alimtazama Wegesa usoni, akaona jasho juu ya mdomo wake, kisha akatazama chini, mahali alipokuwa ameketi yeye mwenyewe.

"Wegesa," Joram aliita, "umekwisha kukaa mahali pawili. Rudi ulipokuwa. Wote kaeni mlipo, asiinuke mtu."

Alirudi. Na hapo ukaanza muda mrefu kuliko wote aliowahi kuuishi, kwa sababu watu wote pale walikuwa hawajui kitakachotokea isipokuwa yeye. Joram alitembea ndani ya duara akigusa mabega kwa fimbo. "Anabaki. Anatoka. Anabaki. Anatoka." Waliotoka walisimama nyuma wakicheka na kulaani. Mzunguko wa kwanza ulimpita. Wa pili ulifika begani kwake. "Anatoka." Wegesa aliinuka. Nyamhanga akaguswa na fimbo. "Anabaki."

Walipobaki watano, watu wote walikuwa wamesogea. Walipobaki wawili, walikuwa Nyamhanga na mzee Waisiko. Fimbo ikamgusa Nyamhanga: anabaki. Ikamgusa mzee: anatoka.

Nyamhanga hakushangilia. Alisimama, akapangusa suruali yake, akamtafuta Wegesa kwa macho kwenye kundi la watu mpaka akampata.

Alikuja alasiri, peke yake. Mokami alikuwa amelala. Nyamhanga alikaa juu ya jiwe bila kukaribishwa.

"Ulijua," alisema.

Wegesa aligeuka kutazama kama mama yake bado amelala.

"Umeinuka mara mbili, kila mara baada ya mtu kuongezeka. Mimi si mtu wa shule, lakini nina macho. Sasa sikiliza. Wiki ijayo wanaleta maksai wawili na plau. Joram anasema kaya itakayowatunza, na kulima ya kwanza, itapatikana kwa duara lile lile. Utanionyesha mahali pa kukaa."

"Na nikikataa?"

"Nitawaambia watu ulitaka kuwaibia. Lakini kwa nini ukatae?" Sauti yake ilishuka, ikawa karibu ya upole. "Mama yako hawezi kufika mtoni. Kwangu anaweza kufika kwa fimbo, akipumzika njiani. Utachota kwangu kila siku, asubuhi na jioni. Na yeye akitaka kuja kukaa hapo, akae."

Wegesa alitazama chini kule, majani mabichi yalipozunguka maji. Alifikiri juu ya saa nzima ya njia na debe kichwani, kila siku, miaka yote iliyokuwa mbele. "Nitakuambia siku hiyo hiyo," alisema, "tukijua watu ni wangapi."

Siku tatu alichota maji kwenye chemchemi. Nyamhanga alikuwa amezungushia kiwanja ua wa miti na miiba, na Nyangi ndiye aliyemfungulia upenyo. Maji yalikuwa baridi. Mokami aliyanywa akauliza yametoka wapi, Wegesa akasema kwa Nyamhanga. "Amekuwa mwema," Mokami alisema kwa mshangao, maana alimjua tangu zamani.

Lakini Wegesa hakupata raha. Aliamka kabla ya jogoo, akalala amechoka bila kujua kachoshwa na nini. Akifundisha herufi jioni alikosea akaandika moja na sifuri ubaoni, akazifuta haraka kwa kiganja. Alianza kuwaepuka watu, kisha akaanza kuwaona kila mahali.

Siku ya nne alikuta mwanamke amesimama nje ya ua, mtoto mchanga mgongoni na mtungi mtupu kichwani. Alikuwa yule mke wa familia ya mwisho, waliokuja na mbwa. Nyangi alikuwa ndani, ameshika mti wa upenyo.

"Mume wangu amesema ni Wegesa tu," Nyangi alikuwa anasema, macho yake yakitazama chini.

"Wegesa ni nani wenu?" yule mwanamke aliuliza.

"Hata mimi sijui."

Wegesa alisikia. Nyangi alimfungulia, na Wegesa hakuingia. Aliliweka debe lake chini pale njiani, akaliacha, akaenda moja kwa moja kwa Joram.

Joram alikuwa anachonga mpini wa jembe. Wegesa hakusubiri kukaribishwa. "Shikamoo, baba. Duara lako linaweza kujulikana. Mimi nililijua. Nilitaka kulitumia Jumamosi, lori likaniharibia. Nimemwahidi Nyamhanga kumwonyesha mahali pa maksai, na kwa ahadi hiyo nimekunywa maji yake siku tatu."

Joram aliweka panga chini polepole. "Linajulikana vipi?"

Alimwonyesha kwa vijiwe. Mara ya kwanza Joram hakuelewa, mara ya pili hakuamini. Mara ya tatu akasema, "Utawaonyesha wote. Leo."

Watu walikusanyika wakidhani ni habari za maksai. Joram alimsimamisha Wegesa mbele, naye akasema yote, na habari ya maji hakuificha. Kelele zilianza kabla hajamaliza.

"Mwacheni aonyeshe," Joram alisema. "Tajeni idadi."

"Kumi na tisa!" mtu alipaza sauti.

Wegesa aliandika udongoni, akahamisha. "Wa saba."

Watu kumi na tisa wakakaa. Joram akazunguka na fimbo. Alibaki wa saba. Wakataja ishirini na tatu, akasema wa kumi na tano, na akabaki wa kumi na tano. Wakataja thelathini na mbili, akasema bila kuandika, "Wa kwanza," na mtu aliyekaa ubavuni mwa mti akajikuta amebaki peke yake, akainuka haraka.

Ndipo mzee Waisiko alipoanza kucheka.

"Marwa!" alisema. "Kaka yangu Marwa! Alikuwa anajua!" Alicheka akashika magoti. "Kila siku malishoni ananiambia, kaa hapa, mdogo wangu, hapa pana kivuli. Na kila siku mimi ndiye ninayefuata ndama porini." Kicheko kilimgeukia kikohozi, na alipomaliza kukohoa hakuwa anacheka tena. "Miaka sitini nasema mimi ni mtu wa bahati mbaya. Na Marwa amekufa, siwezi hata kumuuliza."

"Mimi nasema huyu binti afukuzwe," Nyamhanga alisema, akasimama. "Anasema uongo juu yangu. Nilimsaidia mama yake maji kwa huruma."

Watu walimtazama Wegesa. Ikawa Nyangi, mke wake, aliyesema kutoka nyuma, sauti yake ndogo lakini inasikika. "Si uongo. Aliniambia nimfungulie Wegesa peke yake, kwa sababu atatupatia maksai."

Nyamhanga aligeuka taratibu kumtazama mkewe. Nyangi hakurudi nyuma.

Majadiliano yalikwenda mpaka jua likainama. Wengine walitaka duara lirudiwe, wengine walitaka Wegesa apelekwe kwa katibu kata. Mwisho Joram alitoa uamuzi. Nyamhanga alikuwa ameketi mahali pake kabla ya kujua lolote, kwa hiyo kiwanja ni chake. "Lakini sisi tulishindania kiwanja," alisema. "Chemchemi mimi sikuitia kwenye duara. Kosa ni langu, sikumbishia bwana shamba na kamba yake. Akija, vigingi vitahama. Ua upande wa maji unavunjwa leo." Halafu akamgeukia Wegesa. "Wewe hutakaa kwenye duara lolote la kijiji hiki. Kaya yenu itapokea kinachobaki."

Wanaume sita walikwenda wakang'oa ule ua. Nyamhanga alisimama pembeni amekunja mikono, hakuwasaidia wala hakuwazuia. Siku zilizofuata wanawake waliteremka kuchota, wakapishana na Wegesa njiani. Wengine walimsalimu. Wengi walinyamaza mpaka apite.

Jioni ile ya mkutano Wegesa alimkuta mama yake ameketi nje, amekwisha kusikia yote kutoka kwa watu waliopita.

"Kwa nini hukuniambia?" Mokami aliuliza.

"Nilitaka uwe karibu na maji."

"Nani alikuambia ninataka maji?" Mokami aligonga fimbo chini. "Nilichokitaka kimevuliwa paa, Wegesa. Nilitaka kulala ndani ya nyumba aliyoijenga baba yako. Basi. Hapa, juu kwenye mawe au chini kwenye maji, kwangu ni pale pale. Na wewe umekwenda kujifunga kwa Nyamhanga kwa ajili yangu, bila kuniuliza hata siku moja!"

Wegesa alikaa chini kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alitaka kulia, lakini machozi hayakuja, alihisi tu miguu inamuuma. Baada ya muda mama yake alimsogezea kibuyu cha uji.

Maksai walifika wiki iliyofuata, wawili, wekundu, wamekonda kwa safari. Joram alimwita Wegesa pembeni kabla ya mkutano. "Je, kuna hesabu ambayo mtu hawezi kuijua?"

Wegesa alikuwa ameifikiria siku zote hizo. "Watu wakae kwanza," alisema. "Wakishakaa na hakuna wa kuinuka, ndipo mzee mmoja ataje namba ya kuruka. Tatu, tano, saba, anayoitaka; akitaja tatu, kila wa tatu anatoka. Nami nisikae."

"Wewe utahesabu," Joram alisema. "Nikihesabu mimi nitakosea."

Ikawa hivyo. Watu thelathini na tisa walikaa. Kwa kaya ya Mokami hakukaa mtu. Mzee Waisiko, aliyesimamishwa pembeni amelipa duara mgongo, alitaja tatu. Wegesa aliingia na fimbo, akaanza. Alihisi macho ya Nyamhanga yakimfuata, yakitafuta usoni mwake dalili yoyote, na kila alipompita, mwanamume yule alijisogeza kidogo, huku na huku, kama mtu aliyekalia mwiba. Lakini usoni mwa Wegesa hapakuwa na kitu cha kusoma. Hakujua atabaki nani. Nyamhanga alitoka mapema. Mwishoni alibaki yule mume wa familia ya mwisho, mwenye mbwa, naye aliwashika maksai kamba bila kuamini, akiwauliza watu kama kweli ni yeye.

Watu walitawanyika kwenda kuwatazama ng'ombe. Wegesa alibaki uwanjani na fimbo. Aliinama, akachora namba za kuruka kwa tatu. Mtu mmoja, wa kwanza. Wawili, wa pili. Watatu, wa pili. Wanne, wa kwanza. Watano, wa nne. Sita, wa kwanza. Aliziandika kwa moja na sifuri, akahamisha ya mbele nyuma, haikukubali. Akahamisha ya nyuma mbele, haikukubali. Akafuta kwa mguu, akaanza upya kuanzia saba.

Mama yake alimwita kutoka juu kwenye mawe, kwamba wingu linakuja na nyasi za paa ziko nje. Wegesa aliitika, akaandika wanane, wa saba, akasimama, akarudi kuinama tena.